Sultan Khan, mtu wa Punjab aliyemfunga Capablanca kwa hatua 65

Mtoto wa Iyolwa, wilayani Tororo, aliyekua akicheza omweso anaujua ubao wa mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete zake 64. Siku akivuka mpaka pale Busia na kuendelea hadi kwa Wajaluo wa upande wa Kenya, atakaribishwa kwenye ajua, na atakuta safu mbili tu. Mkono ni uleule na hesabu ni ileile, lakini sheria zimebadilika. Mara ya kwanza atafungwa, na wenyeji watacheka. Kinachofuata kinategemea kama anarudi kuuliza alikosea wapi, au anaondoka akisema mchezo wa watu hawa ni wa ovyo.

Mwaka 1929 kijana mmoja kutoka Punjab, India, alikutana na jambo hilohilo mjini London. Mchezo wake ulikuwa sataranji. Jina lake lilikuwa Mian Sultan Khan, na Sultan hapo ni jina tu alilopewa na wazazi, si cheo. Hakuwa mfalme wala mwana wa mfalme, ingawa magazeti ya Ulaya yalipenda kulichezea neno hilo. Kwa muda usiofika miaka mitano alitwaa ubingwa wa Uingereza mara tatu, akamfunga bingwa wa zamani wa dunia, kisha akarudi kwao na hakuonekana tena kwenye mashindano ya Ulaya hadi alipofariki.

Huku kwetu Punjab si nchi ya mbali sana. Wengi wa vibarua wa Kihindi wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901 walitoka huko. Reli hiyo ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, Sultan Khan akiwa katikati ya miaka yake mikubwa. Mafundi wa reli na wenye maduka waliokaa kando ya njia hiyo walikuwa watu wa nchi moja naye, chini ya bendera ileile ya Uingereza iliyopepea Tororo na Busia.

Kijana wa Mitha Tiwana

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kijiji cha Mitha Tiwana, eneo la Sargodha, ambalo leo liko Pakistan. Baba yake, Mian Nizam Din, alikuwa mtu wa dini aliyeheshimiwa na mchezaji mzuri wa sataranji. Ndiye aliyemfundisha mwanawe mchezo huo akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Alipofikisha miaka 21 alikuwa akitajwa kuwa mchezaji hodari kuliko wote katika Punjab.

Ila sataranji aliyoijua ilikuwa ya Kihindi. Ubao ni uleule wa miraba 64, na majeshi ni yaleyale mawili: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na vitunda vinane, yaani askari wadogo wa mbele. Lakini kwa Wahindi kitunda kilisogea mraba mmoja tu, hata kinapoondoka mahali pake mara ya kwanza. Kwa Wazungu kinaruhusiwa kuruka miwili. Mfalme wa Kizungu hujificha pembeni kwa kubadilishana nafasi na ngome yake kwa hatua moja. Mfalme wa Kihindi hakuwa na njia hiyo, alikuwa na kanuni zake za kujiokoa.

Tofauti hizo ni ndogo kuzisoma na kubwa kuzicheza. Mchezo wa Kihindi ulianza polepole, majeshi yakijipanga kwa mbali kabla ya kugusana. Ule wa Ulaya ulianza kwa kasi, na tangu karne ya 19 mianzo yake ilikuwa imeandikwa vitabuni hatua kwa hatua, hata mchezaji wa kawaida wa klabu aliweza kucheza hatua kumi za kwanza kwa kumbukumbu tu, bila kufikiri. Sultan Khan hakuwa na vitabu hivyo.

Aliyemtoa kijijini ni Sir Umar Hayat Khan Tiwana, mwenye mashamba makubwa, mwanajeshi, na mtu wa karibu wa watawala wa Kiingereza. Sir Umar aliipenda sataranji, akamchukua kijana huyo chini ya ulinzi wake, akamlipia na kumpatia walimu wa kumfundisha sheria za Ulaya. Mwaka 1928 Sultan Khan alishinda ubingwa wa India nzima: michezo tisa, ushindi mara nane, sare moja. Mwaka uliofuata Sir Umar aliitwa London kuwa mjumbe wa Baraza la India. Akaenda naye.

Ubingwa katika msimu wa kwanza

Mwanzo wake London haukuwa mzuri. Alitengenezewa mashindano madogo ya mazoezi, akafanya vibaya. Waliomwona walisema ana kichwa lakini hajui kuanza. Wachezaji wawili wa Kiingereza, William Winter na Fred Yates, wakakaa naye kumwonyesha mianzo iliyokuwa ikitumika wakati huo. Haikuwa kazi rahisi, kwa kuwa Kiingereza cha mgeni wao kilikuwa kidogo. Lugha waliyoelewana vizuri zaidi ilikuwa ya kete zenyewe.

Miezi michache tu baadaye, katika majira ya joto ya 1929, ubingwa wa Uingereza ulichezwa Ramsgate, mji wa pwani ya Kent. Sultan Khan akautwaa.

Ushindi huo uliwachanganya watu. Ubingwa huo ulikuwa wazi kwa raia wa himaya yote, lakini hakuna aliyetazamia kwamba ungechukuliwa na mtu wa kijiji cha Punjab aliyekuwa na miezi tu tangu aanze kukutana na wachezaji wa Ulaya. Alirejea India kwa muda, na mwaka 1930 akawa Ulaya tena. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kumwona. Kule Hamburg aliongoza timu ya Uingereza kwenye ubao wa kwanza katika mashindano ya mataifa. Kule Liège, Ubelgiji, alishika nafasi ya pili nyuma ya Savielly Tartakower, mmoja wa wachezaji wenye elimu kubwa ya mchezo huo duniani. Kisha ikaja Hastings.

Mchezo ambao Capablanca alipoteza

Mashindano ya Hastings huchezwa wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, kwenye mji wa baharini wenye baridi na upepo. Ya mwaka 1930 hadi 1931 yalikuwa na jina moja lililowazidi wote: José Raúl Capablanca wa Cuba. Alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Kabla ya hapo alikaa miaka minane, kutoka 1916 hadi 1924, bila kufungwa mchezo hata mmoja wa mashindano. Sifa yake ilikuwa wepesi: alitazama ubao na kuona mahali ambapo kila kete inapaswa kukaa, kana kwamba ameambiwa.

Sultan Khan alicheza na kete nyeupe, kwa hiyo alianza yeye. Hatua zake za kwanza hazikuwa na kelele. Katikati ya hatua hizo aliingiza moja ambayo mtu wa vitabu angeweza kuidharau: hatua ya tano alisogeza kitunda cha ukingoni, cha mstari wa a, mraba mmoja tu. Hakuleta kete yoyote uwanjani. Alichofanya ni kuufunga mraba ambao askofu mweusi angependa kuutumia kumsumbua farasi wake. Miaka mingi baadaye bingwa wa dunia Tigran Petrosian aliifanya hatua hiyo kuwa silaha yake katika ufunguzi wa aina hii, na leo inaitwa kwa jina la Petrosian. Wanaosimulia kwamba Sultan Khan hakujua lolote kuhusu kufungua mchezo wangefanya vema kuitazama hatua hiyo tena. Hakukariri mianzo ya watu, ni kweli, lakini alikuwa na macho.

Capablanca hakufanya kosa la wazi mwanzoni. Alitoa kete zake kwa utaratibu, akamficha mfalme, akamweka farasi katikati ya ubao kwenye mraba wa e4 na kumkinga kwa kitunda cha mstari wa f. Kwa mtazamaji, Mweusi ndiye aliyekuwa anasonga mbele.

Ufa wa kwanza ulitokea hatua ya 12. Sultan Khan alirusha farasi wake hadi b5, akiitisha kambi ya Mweusi kwenye c7, mahali ambapo askofu wake mweupe alikuwa tayari anapatazama kutoka f4. Capablanca akamleta askofu wake d6 kuzuia. Farasi akamla askofu huyo, na Mweusi akala kwa kitunda cha mstari wa c. Ukiangalia haraka utasema Mweusi amefaidika: mstari wa c umefunguka, na ngome zake zitaingia humo. Hata Capablanca aliona hivyo, maana zilipofika hatua ya 19 ngome zake zote mbili zilikuwa zimepangwa kwenye mstari huo, moja nyuma ya nyingine.

Lakini vitunda vyake vilikuwa vimebanana katikati, d6 na d5, na baadaye kidogo kingine kikakaa e4. Nyuma ya ukuta huo alibaki askofu wake wa b7, akitazama mgongo wa askari wake mwenyewe. Askofu huyo alicheza sehemu kubwa ya mchezo kama mtu aliyefungiwa stoo. Mtu anayeuchambua mchezo huu ili ajifunze anapaswa kusimama hapa kwa muda mrefu, kwa sababu wengi hutafuta kosa mahali ambapo nyumba ilianguka na kusahau kutazama msingi.

Sultan Khan, kwa upande wake, hakumficha mfalme wake kabisa. Alimwacha katikati, kitu ambacho vitabu vya Ulaya vilikikataza. Badala yake akasukuma vitunda vya upande wa kulia, cha h kisha cha g, akamfukuza farasi mweusi hadi e8. Hatua ya 21 akamtoa askofu hadi g4, akiilenga ngome ya Mweusi iliyokuwa c8.

Hapo Capablanca akaamua. Angeweza kurudisha ngome nyuma na kuanza upya polepole. Hakurudi. Aliipeleka ngome moja hadi c1 kumtishia mfalme, mfalme akasogea d2. Akaipeleka ya pili hadi c2 kumtishia tena. Malkia wa Sultan Khan akaila ngome hiyo ya pili, ngome iliyobaki ikamla malkia, na mfalme mweupe akaila ngome hiyo. Vumbi lilipotulia, Mweusi alikuwa na malkia, na Mweupe alikuwa na ngome mbili.

Kwa hesabu za kawaida za sataranji mabadilishano hayo yanakaribia usawa: malkia huhesabiwa pointi tisa, ngome mbili pointi kumi. Mtu mwenye malkia hupenda hali hiyo kwa kuwa malkia huruka pande zote na kutisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Lakini malkia anataka uwanja wazi na mfalme aliye uchi. Uwanja huu ulikuwa umefungwa kwa vitunda vya pande zote mbili, na mfalme wa Sultan Khan, yule aliyekuwa ameachwa katikati kinyume na vitabu, sasa alikuwa amesimama salama nyuma ya vitunda vyake kama mtu aliyekaa nyuma ya ukuta wa boma. Malkia wa Capablanca aliingia c4, akaondolewa na askofu, akaenda b3 kuwinda kitunda, kitunda kikalindwa. Hatua chache baadaye alikuwa anarudi nyumbani bila kitu.

Kutoka hapo hadi hatua ya 65 ni kazi ya mkulima. Hakuna hatua ya kustaajabisha. Sultan Khan alizizungusha ngome zake, akajaribu mlango wa upande huu, akaenda upande ule, akarudi. Mweusi alilazimika kulinda kila mahali kwa malkia mmoja, farasi aliyebanwa na askofu aliyefungiwa. Hakuna bao la ghafla. Kulikuwa na kubanwa tu, hatua baada ya hatua, mpaka Capablanca akasalimu amri.

Ulikuwa mchezo wa pekee alioupoteza Capablanca katika mashindano yale. Max Euwe wa Uholanzi aliongoza, Capablanca akawa wa pili, Sultan Khan wa tatu, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa nusu pointi. Capablanca hakusahau. Baadaye aliandika kumhusu Sultan Khan kwa heshima, akimwona kuwa mtu wa kipaji kisicho cha kawaida kwa sababu alishinda ubingwa wa Uingereza katika mazingira ambayo wengine wasingeweza hata kuanza.

Kuna jambo ambalo mchezo huu unalionyesha na wasimulizi wa maisha yake hulipita haraka. Husemwa kwamba Sultan Khan alianza michezo vibaya na kuiokoa mwishoni. Kwa michezo mingi ni sawa. Alipenda kusimama na jeshi lililobanana, akivumilia, akijua kwamba kete zikipungua na malkia wakitoka ubaoni, mpinzani aliyekariri vitabu hana tena kitabu cha kumsaidia. Katika mwisho wa mchezo wote wanarudi kuwa sawa, na hapo yeye alikuwa hodari kuliko karibu kila mtu aliyekaa mbele yake. Lakini mchezo wa Hastings haukuokolewa mwishoni. Ulishindwa na Capablanca tangu katikati, alipowaamini malkia na mstari wa c kuliko umbo la vitunda vyake. Aliyeliona umbo hilo ni kijana wa Mitha Tiwana.

Malaria, skafu na ubao wa kwanza

Mwaka 1931 alimshinda Tartakower katika pambano la michezo 12, kwa pointi sita na nusu dhidi ya tano na nusu. Mwaka huohuo, kule Prague, aliongoza tena timu ya Uingereza. Aliwafunga Salo Flohr na Akiba Rubinstein, na akatoka sare na Alexander Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo. Flohr alimlipa kisasi mwaka 1932 katika pambano fupi, lakini kwa tofauti ya pointi moja tu. Ubingwa wa Uingereza aliuwania mara nne na kuutwaa mara tatu: 1929, 1932 na 1933. Wachambuzi wengi humweka miongoni mwa wachezaji kumi bora wa dunia wa miaka hiyo.

Na alifanya hayo akiwa mgonjwa. Malaria ilimfuata kutoka India na kumrudia mara kwa mara; mtu wa Tororo hahitaji kuelezwa maana ya kukaa saa nne kwenye kiti homa ikipanda. Juu ya hiyo aliongeza mafua na koo la baridi ya Uingereza. Mara nyingi alicheza akiwa amejifunga shingo kwa kitambaa kizito. Hakusema sana. Uso wake haukubadilika, akishinda au akishindwa, na wapinzani walikasirishwa na ukimya huo kuliko na hatua zake.

Ndani ya nyumba ileile ya Sir Umar kulikuwa na mchezaji mwingine, msichana aliyeitwa Fatima. Mwaka 1933, kule Hastings, Sultan Khan alipokuwa akitwaa ubingwa wa wanaume kwa mara ya tatu, Fatima alitwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Mataji mawili ya nchi, katika mji mmoja, yakaenda kwa watu wawili wa nyumba ya bwana mmoja wa Punjab. Habari za Fatima baada ya hapo ni chache kuliko hata za Sultan Khan.

Alikuwa nani katika nyumba hiyo? Mabishano hayajaisha. Mchezaji wa Kimarekani Reuben Fine alisimulia kwamba mwaka 1933 timu ya Marekani ilialikwa nyumbani kwa Sir Umar London, na kwamba bingwa waliyekwenda kumheshimu ndiye aliyewahudumia chakula mezani. Simulizi hiyo ilirudiwa vitabuni mpaka ikawa ndiyo maisha yake yote: mtumishi asiyejua kusoma aliyewafunga mabwana. Jamaa zake wa leo wanaikataa. Wanasema familia yake ilikuwa ya watu wa dini wenye ardhi yao, kwamba hakuwa mbumbumbu, na kwamba Sir Umar alikuwa mfadhili wake. Kuna haki katika malalamiko yao. Ulaya ilipenda hadithi ya mtumishi kwa sababu iliufanya ushindi wake uonekane kama muujiza, na muujiza haudai maelezo. Mtu aliyefundishwa na baba yake tangu utotoni, akawashinda watu wa nchi yake yote kwanza, kisha akajifunza sheria mpya akiwa mtu mzima, ni jambo jingine, na lina aibu zaidi kwa waliofungwa.

Hata hivyo ukweli mmoja unabaki katika masimulizi ya pande zote. Hakucheza Ulaya kwa safari yake mwenyewe. Alikwenda Sir Umar alipokwenda.

Kurudi Sargodha

Mwishoni mwa 1933 kazi ya Sir Umar London ilikuwa inaisha. Akarudi India, na Sultan Khan akarudi naye. Alikuwa na miaka thelathini hivi, umri ambao mabingwa wengi wa sataranji ndio kwanza wanafika kileleni. Alekhine alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 35.

Mwaka 1935 alicheza pambano la michezo kumi nchini India dhidi ya V. K. Khadilkar. Alishinda tisa na kutoka sare mmoja. Baada ya hapo hakuna tena mchezo wake mkubwa. India haikuwa na mashindano ya kumtosha, Ulaya ilikuwa mbali, na hakukuwa na shirikisho la kumlipia meli. Kisha vita kuu ya pili ikaja na mashindano ya kimataifa yakakaribia kusimama. Sir Umar alifariki mwaka 1944. Mwaka 1947 India iligawanywa, na Sargodha ikaangukia Pakistan, nchi mpya yenye mambo mengine ya kushughulikia.

Yeye alilima. Alikuwa na shamba, mke na watoto wengi. Waliofika kumtafuta walimkuta mkulima mtulivu asiyejisifu. Watoto wake hawakurithi ubao. Alikataa kuwafundisha sataranji ya mashindano, akiwaambia watafute jambo lenye faida zaidi la kufanya na maisha yao. Inawezekana kulisoma neno hilo kama uchungu, na wengi wamelisoma hivyo. Inawezekana pia kwamba lilikuwa hesabu ya mtu aliyejua vizuri kuliko wote kile ambacho mchezo huo ulimpa: vikombe vitatu, safari za melini, jina kwenye magazeti ya Prague na Hamburg.

Mwaka 1950 Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lilianza kutoa rasmi cheo cha gwiji, kinachoitwa grandmasta, kwa wachezaji wakubwa waliokuwa hai. Rubinstein alipewa, ingawa alikuwa ameacha mashindano tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tartakower alipewa. Flohr na Euwe walipewa. Sultan Khan, aliyewafunga watatu wa kwanza, alikuwa hai shambani kwake Sargodha. Jina lake halikuwemo.

Alifariki tarehe 25 Aprili 1966 kwa kifua kikuu, akazikwa kwao. Michezo yake ilibaki katika makusanyo ya wapenzi wa sataranji, ule wa Hastings ukirudiwa mara nyingi kuliko mingine yote. Februari 2024, karibu miaka 58 baada ya kifo chake, rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, alikwenda Pakistan na kumkabidhi waziri mkuu wa nchi hiyo cheti cha grandmasta wa heshima chenye jina la Mian Sultan Khan. Akawa Mpakistani wa kwanza kupewa cheo hicho.